Fundi, usikate waya wa tuita kwa sababu ya shiii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Masasi, yule aliyelalamika kwamba baada ya kuuza korosho alinunua redio kubwa na spika zake mbili, na sasa kila usiku watoto wakishalala anasikia spika zinatoa shiii hata kama hamna wimbo, na majirani wakamwambia kauziwa feki. Inawezekana kauziwa feki, sikatai. Lakini hiyo shiii peke yake haitoshi kuwa ushahidi, na kilichonifanya niandike ni ile sehemu ya mwisho ya barua yake aliposema kuna fundi kamuahidi kuiondoa kabisa kwa elfu kumi na tano. Kaka, kabla hujaitoa hiyo hela nisikilize kwanza.

Mana hapa Chikongola, Mtwara, jirani yangu, mama mmoja mpenzi wa taarabu wa kufa mtu, aliniita nimsikilizie spika zake, anasema redio "imepooza". Zamani ilikuwa na hiyo hiyo shiii, akaipeleka kwa fundi, ikarudi kimya kabisa, akafurahi akalipa. Sasa kila akiweka taarabu fidla hazipo, kinanda kinasikika kama kimefunikwa blanketi, na waimbaji ukiwasikiliza vizuri zile herufi za s na sh zimewapotea mdomoni. Nikafungua skrubu nikachungulia ndani na tochi ya simu. Tuita, ile spika ndogo ya juu, ipo, kapasita yake ndogo ipo, ila waya mwekundu unaoenda kwenye tuita umekatwa katikati na ncha zote mbili zimezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, tena kwa ustadi, wala hakulipua. Nikafungua spika ya pili, vile vile. Fundi aliitibu shiii kwa kuinyamazisha tuita, na tuita ndo inayotoa sauti zote nyembamba za muziki, kwa hiyo vyote vikaondoka pamoja. Nilivyounga zile waya shiii ikarudi na fidla zikarudi, yule mama akasema kaka iache ipige hizo kelele zake, mi nataka fidla zangu.

Sasa nieleze kwa nini inawezekana kumdanganya mtu namna hiyo. Ile shiii imebeba sauti za kila unene, nene na nyembamba zimechanganyika, lakini inapokuwa ndogo sikio letu linadaka zile za juu zaidi, na za juu zinatokea kwenye tuita. Ukiikata, masikioni unaona shida imeisha kumbe amplifaya inashishia vile vile kama jana, ila hamna wa kuipeleka nje.

Mi siyo fundi mwenye duka. Miaka ya 90 nilikuwa narekodi kanda pale Lindi mjini, mteja analeta kanda tupu na orodha yake ya nyimbo ameiandika kwenye karatasi ya daftari, sisi tunamjazia. Watu wa umri wangu hiyo shiii tumekua nayo. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, utepe wake una upana usiofika hata milimita nne na unatembea chini ya sentimita tano kwa sekunde, yani polepole na kwa kujibana, kwa hiyo lazima ishishie, ndo umbile lake. Afu ukirekodi kutoka kanda kwenda kanda shiii ya kwanza inaungana na ya pili, na mteja akienda kumrekodia shemeji yake inaungana na ya tatu, mpaka ikifika Liwale huko unasikia mvua kwanza ndo unasikia wimbo. Yule Mmarekani Ray Dolby alifungua kampuni yake London mwaka 1965 kwa ajili ya shida hii hii, na ile Dolby B iliyokuja kuwekwa kwenye deki za nyumbani ilikuwa inazipandisha zile sauti nyembamba ndogo ndogo wakati wa kurekodi halafu inazishusha wakati wa kupiga, na shiii inashuka nazo kama desibeli 10 hivi (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Wateja wetu walikuwa wanaizima ile swichi! Wanasema inaua muziki. Kwa hiyo ugomvi wa shiii na fidla siyo wa leo.

Inatoka wapi hasa. Kila kitu chenye ukinzani wa umeme, rezista, waya, transista, kikiwa na joto lolote kinatoa kaumeme kadogo ka ovyo ovyo, hata kama hakijaunganishwa popote kimekaa tu mezani. Hili alilipima bwana mmoja anaitwa John Johnson na hesabu yake akaitoa mwenzake Harry Nyquist, wote wawili wazaliwa wa Sweden waliohamia Marekani na kufanya kazi kwenye maabara za Bell, wakachapisha mwaka 1928. Ukichukua rezista ya omu elfu kumi kwenye chumba cha kawaida, kwa masafa ambayo sikio linasikia, inatoa karibu sehemu mbili za milioni ya volti. Ni kidogo sana, ila amplifaya kazi yake ni kukuza na haijui kipi wimbo kipi takataka, inakuza vyote, na kile kilichoingia mwanzo kabisa ndo kinachokuzwa mara nyingi kuliko vingine. Kwa hiyo redio isiyo na shiii kabisa haijawahi kutengenezwa na haitatengenezwa, kuna zenye nyingi na zenye kidogo, basi.

Hapa kwetu kuna wanaosema ni joto la Mtwara, ukiipeleka hiyo redio Makete kwenye baridi itanyamaza. Wamegusa ukweli mana joto ndo chanzo chenyewe, ila hesabu ya Nyquist inahesabu joto kuanzia ile sifuri ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya barafu. Ukitoka chumba cha nyuzi 20 ukaingia chumba cha nyuzi 33 tofauti ya shiii haifiki hata robo ya desibeli, hamna binadamu anayeisikia. Na chumvi ya bahari nayo isisingiziwe, hiyo inakula pini na soketi na ndani ya kile kitufe cha volyumu, dalili yake ni kukwaruza kwarakwara ukizungusha, dawa yake ni kupuliza spreya ya kusafishia kontakti na kuzungusha zungusha, kazi ya dakika tano.

Na hapa ndo mafundi na wateja wanapopotezana, mana mteja akifika dukani anasema tu "ina kelele". Kelele gani? Mngurumo mnene nguuuu ni umeme wa ukutani, wa kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde na ukipita kwenye pawasaplai unatoka mara 100, hapo tafuta kapasita kubwa zilizochoka au waya za ethi zinazozungukana. Wiii nyembamba inayobadilika ukigusa skrini ya simu, hiyo ni chaja, chomoa chaja kwenye simu uone kama haijaondoka. Zzzz kali kwa wale wanaotumia inveta ya bei rahisi kwenye sola, ni hiyo inveta. Wenzetu wa vijijini wenye sabufa za volti 12 wanaweza kujipima kirahisi, wafunge sabufa moja kwa moja kwenye betri, mngurumo na zzzz vitaondoka ila shiii itabaki pale pale, kwa sababu yenyewe haitokani na umeme unaoingia. Ya redio ya FM nayo ni kesi nyingine, stesheni ya mbali ikipokelewa kwa stirio inashishia sana, bonyeza mono itatulia, hapo hata spika hazihusiki.

Kaka wa Masasi, fanya hivi usiku kukiwa kimya na feni umezima. Washa redio bila wimbo, weka chaguo la kuingizia sauti ambalo halijachomekwa kitu chochote, sogeza sikio kwenye tuita halafu zungusha volyumu taratibu kutoka chini. Kama shiii iko vile vile volyumu ikiwa chini na ikiwa katikati, basi inazaliwa nyuma ya volyumu, kwenye zile chipu za mwisho zinazosukuma spika, na hapo hamna cha kurekebisha kwa elfu kumi na tano, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Kama inapanda na volyumu inatoka mbele, kwenye sehemu ya trebo na besi huko, na kabla hujamuita fundi angalia kitufe cha trebo kama hakijafika mwisho, mana nusu ya nyumba ninazoingia trebo imezungushwa mpaka ukutani afu watu wanashangaa. Ukirudisha chaguo la simu au deki au king'amuzi ndo shiii ikaongezeka basi mwenye kosa ni hicho ulichochomeka. Kwa zile zenye namba kwenye kioo usitumie sifuri, nyingi zikifika sifuri zinajizima zenyewe, tumia moja.

Dawa kubwa kuliko zote haina gharama hata shilingi na ajabu hamna muuzaji anayeisema. Watu wanaweka simu kwenye sauti ya katikati, au chini kabisa, afu wanapandisha redio mpaka karibu na mwisho ili wasikie. Hapo umeibana nyimbo iingie ndogo halafu unaikuza na takataka zote zilizomo njiani. Geuza. Simu ipandishe karibu na juu, ukiona inapasua shusha kidogo, afu redio iweke chini. Wimbo ule ule, ukubwa ule ule, shiii imepungua. Na ukitumia blutuhu ni hivyo hivyo, simu ina volyumu yake na sabufa ina yake, watu wengi wanacheza na ya sabufa tu kwa sababu ndo yenye rimoti. Kuna kijana hapa Shangani alikuwa tayari anataka kubadilisha amplifaya nzima, nikamgeuzia hizo volyumu mbili tu, akanyamaza.

Sasa umbali. Nitatoa hesabu moja, msinichoke. Chukua amplifaya ambayo ikiwa haina wimbo inatoa milivolti moja ya shiii. Ifunge kwenye spika ya nyumbani ya desibeli 90, yani ile namba inayoandikwa kwamba ukiipa wati moja ukakaa mita moja inakupa sauti kiasi hicho. Hiyo milivolti moja itafika sikioni kwa mita moja ikiwa kama desibeli 21, na chumba kilichotulia usiku chenyewe kina kama 30, kwa hiyo ukiwa kwenye kochi huisikii. Sogeza sikio mpaka sentimita kumi, inapanda 20, inakuwa 41, sasa unaisikia vizuri tu na unaanza kupata presha. Afu kuna hawa wanaonunua spika kuukuu za disko, zile zenye mdomo wa tarumbeta, wanaziweka sebuleni na amplifaya yao ya zamani. Spika hizo zinafika desibeli 100 na zaidi kwa wati moja ile ile, kwa hiyo shiii ambayo miaka yote ilikuwepo na haikusikika sasa inasikika mpaka jikoni, na mtu anaapa amplifaya imeharibika siku aliyobadilisha spika. Haijaharibika. Spika mpya ina masikio makali tu, kama naweza kusema spika ina masikio.

Nisionekane nawatetea wauzaji, mana nao wana yao. Maboksi ya sabufa yanayoshushwa hapa mjini msimu wa korosho yameandikwa wati elfu nane PMPO, ile namba ya kujisifia, kwa maandishi makubwa, afu ukiigeuza kuna kibandiko kidogo nyuma kinasema inakula wati 60. Itatoaje elfu nane kitu kinachokula 60? Lakini namba ambayo ingenisaidia mimi mteja, ile inayosema wimbo uko juu ya shiii kwa desibeli ngapi, kwenye boksi haipo au imefichwa kwenye kile kikaratasi chenye maandishi ya sisimizi. Na hata ikiwepo isome kwa akili. Wakiandika desibeli 80 mara nyingi wamepima redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, tuseme wati 100, we nyumbani usiku unasikiliza kwa wati moja au chini yake. Kwa shiii ile inayozaliwa nyuma ya volyumu zile desibeli 20 zimeshaondoka hapo, umebaki na 60, na hapo hauko mbali na kanda nzuri isiyo na Dolby, ambayo ilikuwa kwenye hamsini na kitu. Wakati sidii zilipoingia mwaka 1982 tuliambiwa tumepewa kama desibeli 96 tukadhani shiii imezikwa. Sidii ilizika ya kwake, ya amplifaya haikuiahidi mtu.

Ombi langu kwa wenye maduka ya redio, kuanzia hapa Mtwara mjini mpaka Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba, ni moja. Mteja akija kununua mnampigia singeli kwa sauti ya kuvunja vioo, duka zima linatetemeka, na duka la jirani nalo linapiga yake, hapo mtu atajuaje anachonunua? Kwa kelele ile hata redio mbovu inaonekana nzuri. Zimeni muziki japo kidogo, mpelekeni mteja huko nyuma stoo au mfungie mlango, mwacheni aweke sikio. Na wateja nao wakatae ile ya muuzaji kubonyeza kitufe cha kunyamazisha kwenye rimoti na kusema unaona, kimya. Kitufe hicho mara nyingi kinafunga mlango wa mwisho kabisa, hata redio inayoshishia vibaya itanyamaza. Mwambie asimamishe wimbo tu na volyumu aiache pale ilipokuwa. Tena zipo sabufa za blutuhu zinazojizima zenyewe zikiona hamna wimbo, hizo utazikamata pale wimbo unapoanza taratibu au unapoishia kwa kufifia, utasikia shiii imeingia ghafla pamoja na muziki. Taarabu za zamani zinafaa sana kwa kazi hiyo, zinaanza polepole na ala moja moja. Singeli haifai, haina pa kupumua.

Na kwa mafundi wetu, wengi nawafahamu na wanajua kazi, kuna shiii ambayo kweli ni ugonjwa nayo ni ile iliyokuja juzi kwenye redio ya zamani, hasa ikiwa upande mmoja tu, na wakati mwingine inakuja na kuondoka au inapasuka pasuka. Hapo kuna transista au chipu imechoka, na kwenye redio za zamani sana hata zile rezista za kaboni zenye miili minene zinashishia kuliko hizi mpya za utando wa chuma. Kujua ni rahisi, badilisha waya za spika, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Shiii ikihama na waya mgonjwa ni amplifaya, ikibaki kwenye spika ile ile nitashangaa sana mana spika haina uwezo wa kuitengeneza yenyewe. Kazi hiyo lipeni, hata zaidi ya elfu kumi na tano, na fundi amuoneshe mteja kile alichokitoa.

Kwa hiyo kaka wa Masasi kama shiii yako iko pande zote mbili sawa, ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na ukikaa kwenye kochi lako huisikii, mwambie huyo fundi asante. Kama unaisikia mpaka kwenye kochi hata baada ya kushusha trebo na kugeuza hizo volyumu, irudishe dukani ukiwa na risiti kabla hawajaanza kukuzungusha. Na kama tayari ulishaipeleka na imerudi kimya kabisa, weka taarabu, sogeza sikio kwenye ile spika ndogo ya juu, ukikuta haitoi kitu fungua ubao wa nyuma uangalie waya mwekundu.

Mzee wa Kanda,
Chikongola, Mtwara.